Ushuhuda wa Muhonja

"Tuambie sifa zako, mama," Bwana Naftaly, meneja wa kiwanda, alimwuliza Muhonja, akiegemea kiti. "Una nguvu gani zitakazokusaidia kusimamia wenzako?"

Muhonja aliinamisha kichwa, akakunja mikono juu ya aproni, akajibu kama alivyozoea kujibu mbele za watu wa Mungu.

"Mimi si kitu, Bwana Naftaly. Mimi ni chombo tu. Jema lolote mnaloliona kwangu ni la Mungu."

Mabwana wawili walioketi na meneja wakatazamana. Mmoja akaguna. Bwana Naftaly akafunika kalamu yake. "Haya, asante. Mwite anayefuata."

Muhonja alitoka moyo mweupe. Angejuaje kwamba amekosea? Naftaly huyo huyo ndiye aliyekuwa mzee wa kanisa lao kule mtaa wa Komarock. Ndiye aliyewafundisha akina mama kwamba anayeshuhudia huanza kwa kujishusha, na sifa zake husemwa na kinywa cha mwenzake. Tena wahenga walishasema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Miaka yote aliyofanya kibarua katika kiwanda kile cha sabuni, mtaani Baba Dogo, Muhonja hakujitembeza. Sasa kazi ya msimamizi wa wafungaji wa sabuni ilikuwa wazi, nayo ilikuwa kazi ya kudumu. Akiipata, hatasimama tena langoni alfajiri, kwenye mvua na baridi, akingoja kunyooshewa kidole: wewe ingia, wewe rudi nyumbani. Alikuwa amefunga na kuiombea.

Kesho yake Bwana Naftaly aliwakusanya wafanyakazi uani.

"Tumemchukua Sydney," alisema. "Kijana alijieleza! Ametukumbusha jinsi alivyozima mashine siku ile mkanda uliponasa mkono wa Kalekye. Huo ndio ujasiri. Wengine tuliwauliza nguvu zao, wakatuambia wao si kitu."

Watu wakaangua kicheko. Muhonja alikasirika. Sydney! Siku ile Sydney alitimka mbio hadi langoni akipiga mayowe. Aliyeruka masanduku akazima mashine ni Muhonja. Aliyeufunga mkono wa Kalekye kwa leso yake ni Muhonja. Wakubwa walipofika, mambo yalikuwa yametulia, na hakuna aliyeuliza. Alimtazama Kalekye, Kalekye akatazama chini. Kibarua hambishii mkubwa hadharani, maana kesho kuna lango.

Nje, jirani yake Teresiah, aliyeuza chapati ukutani pa kiwanda, alikuwa ameshapata habari, akamwita kwa jina la mwanawe.

"Wewe nawe, Mama Luseno! Ngumbaru yote uliyosoma ukubwani, umeenda kuwaambia huwezi kazi?"

"Sikusema siwezi. Nilisema ni Mungu."

"Basi si wamwajiri Mungu!"

Muhonja hakucheka. Jioni ile alipopiga magoti, hakuomba kazi. Aliuliza: Bwana, nikiificha kazi uliyoifanya kwa mikono hii, nakutukuza au nakuibia? Akakaa magotini mpaka yakamuuma, na hasira haikutoka. Akaona labda si ya kutoka.

Jumapili alasiri ushirika wa kanisa ulikuwa sebuleni kwa Naftaly mwenyewe. Wakati wa ushuhuda ulipofika, Muhonja akasimama.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Nashuhudia kwamba mimi ni mtu hodari."

Vikombe vya chai vikatulia mikononi.

"Mungu amenipa moyo usiotishika. Mkanda ulipomnasa Kalekye, wanaume walikimbia. Mimi niliingia nikazima mashine. Amenipa ulimi wa kupatanisha wanaogombana, na subira ya kufundisha wageni kazi. Sydney mwenyewe nilimfundisha mimi. Sifa hizi Mungu alizipanda, na juzi zimevunwa na mtu mwingine."

Kisha kutoka pembeni sauti moja ikaitika: "Amina." Alikuwa Kalekye, naye mshirika wa kanisa lile. Alisimama, akakunja mkono wa sweta, kovu likaonekana. "Ni yeye aliyeniokoa, ndugu zangu. Niliogopa kusema."

Naftaly alikohoa. "Lakini dada Muhonja, mbona Alhamisi hukutuambia haya?"

"Alhamisi nilikujibu kwa maneno uliyonifundisha Jumapili, mzee. Kama yale ya Jumapili si ya kutumia kazini, ungetuambia mapema. Tungejua mlango upi ni wa kuingia tukiwa si kitu."

Mzee wa kanisa alitazama zulia lake. Hakuna aliyemsaidia.

"Kesho," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo, "njoo ofisini kabla lango halijafunguliwa. Na Sydney atakuwepo."

"Nitakuja. Na Kalekye nitakuja naye."

Desturi yao ilikuwa kwamba aliyeshuhudia huimbiwa na wenzake. Muhonja alingoja. Kila mtu alimtazama mzee, na mzee hakuinua kichwa. Basi Muhonja akavuta pumzi, akauanzisha wimbo mwenyewe.