Rafu za Papa Ndani ya Kompyuta

Mtu asikudanganye kwamba mstari ni kitu kidogo. Mimi mstari ulinitesa karibu wiki nzima, mstari mwembamba tu wa kupita chini ya safu za jedwali kwenye ukurasa wa intaneti, na huo mstari ndio uliobeba ruhusa yangu ya kutoka nje ya lile duka.

Duka ni la baba yangu, Ravindra, ninayemwita Papa, vitenge na khanga kwa jumla, hapa Kariakoo. Sisi tunakaa ghorofani, juu yake. Ukitoka kitandani unashuka ngazi uko dukani, ukitoka dukani unapanda ngazi uko jikoni. Kuna wakati nilikuwa naweza kumaliza siku kadhaa sijakanyaga lami. Nilisoma kozi ya kompyuta mjini, cheti nikapata, mama akakitia fremu, halafu Papa akaniweka kaunta nikate risiti. Msichana mzima mimi, nimefungiwa kama kuku wa sikukuu!

Ndipo Isidori, Mmakonde wa Newala niliyesoma naye kozi, akaniambia ofisini kwao, kule Posta katikati ya mji, wanatafuta mtu wa kutengeneza kurasa za intaneti. Bosi wake alikuwa tayari kunichukua, ila alitaka jibu Jumamosi. Nikamwendea Papa. Nikaomba, nikalia, nikanuna, nikagoma kula. Mwisho akasema, "Haya, nitengenezee ukurasa wa duka kwanza. Nikipendezwa, nenda."

Nenda! Nilimshika miguu palepale.

Siku zile biashara ilikuwa imefunguliwa, mizigo inamwagika Kariakoo kutoka Dubai na China, kila mwenye chumba cha mbele anauza vitenge. Papa alikuwa amesikia kwamba wateja wa Lubumbashi sasa wanaangalia bei kwenye intaneti. Basi akataka jedwali: jina la kitambaa, yadi, rangi, bei. Na chini ya kila kitambaa mstari mmoja, umenyooka toka mwanzo hadi mwisho.

"Kama rafu zangu," alisema. "Mteja asije akaanza na kitenge akamalizia na bei ya khanga. Mistari ya kusimama sitaki. Nondo za dirishani zinatosha."

Nikaandika. Nikaiambia kompyuta ya dukani, kila safu iwekee mstari chini yake. Nikafungua ukurasa, hakuna kitu. Nikaongeza unene, hakuna. Nikautia wekundu, ule wekundu wa kupiga kelele. Wapi! Vitambaa vyangu vimening'inia hewani. Nikakagua herufi moja moja, kila kitu kiko sawa. Ile mashine ilikuwa inanisikia na kunipuuza, kama shangazi yangu wa Ilala.

Kesho yake nikaachana na safu, nikahamia kwenye visanduku vyake. Kila kisanduku nikakipa mstari wake wa chini. Ukatokea! Nilipiga kelele mpaka Papa akaja mbio akidhani ni mwizi. Akavaa miwani, akainama.

"Mbona una mapengo?"

Kweli bwana. Kati ya kisanduku na kisanduku palibaki nafasi, na mstari ulikuwa unakatika kila unapofika pale.

"Rafu gani hizi, Megha? Mzigo si utaanguka?" Akarudi kwa wateja wake, na kutoka kule kaunta akapaza sauti: "Na hiyo ofisi ya Posta wanaajiri mafundi wa mapengo?"

Dukani Papa anatulazimisha kuongea Kiswahili, hata baba na mwana, ili wateja wasidhani tunawasengenya kwa Kigujarati. Kwa hiyo kila nikitukanwa, duka zima linasikia. Wateja walicheka. Nilitamani nijitumbukize ndani ya robota la khanga nishonewe humohumo.

Nilihitaji kumuuliza Isidori, lakini namuulizaje? Simu ya duka Papa alikuwa ameifungia kwenye kisanduku cha mbao chenye kufuli, mkono wake tu uko nje, unaweza kupokea, huwezi kupiga. Intaneti kafe ipo mtaa wa pili, ila kwetu binti haendi kukaa na wavulana kwenye vyumba vya mapazia. Basi nikambembeleza Abbasi, mpakiaji wetu wa siku nyingi, kwamba akienda bandarini apitie Posta, amwambie Isidori anipigie saa ya chakula.

Ijumaa mchana Papa akavuta geti la nondo, akatia kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akapanda kula. Mimi nikasema sina njaa. Nikakaa mle ndani na marobota yangu, watu wanapita nje wanachungulia. Simu ikalia.

"Mambo?" Alikuwa Isidori.

"Mabaya! Mistari inakatika."

"Si uiweke kwenye visanduku."

"Ndiko nilikoiweka! Isidori, unaniona mjinga?"

"Punguza hasira, dada. Na jedwali lenyewe umeliambia nini? Visanduku vyako kila kimoja kina ukuta wake, katikati kuna uchochoro. Kwenye jedwali, siyo kwenye safu, andika border-collapse, nukta mbili, collapse. Visanduku vitashikana, mstari utanyooka."

Nikaandika huku nimebana simu begani. Mungu wangu! Mistari ilinyooka yote kwa pamoja, toka jina la kitambaa mpaka bei. Nilichekacheka peke yangu huku machozi yananitoka. Ningeishia hapo, lakini nilitaka Papa apendezwe hasa, nikaipa mistari rangi ya zambarau, na mizigo mipya nikaiwekea mstari mnene zaidi.

Papa aliposhuka alitazama muda mrefu. Akapitisha kidole juu ya kioo, akiufuata mstari mmoja mpaka mwisho. Akatoka, akarudi na Mzee Ridhiwani wa duka la jirani, kisha Dhruv wa vyombo, kisha wengine, wamejibana kwenye marobota wanashangaa.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Na mimi unanitengenezea lini?" akauliza Mzee Ridhiwani.

Walipoondoka nikamwambia Papa, "Basi kesho naenda Posta."

"Kufanya nini? Mtaa mzima unakusubiri hapa! Nimeshamwagiza fundi akuchongee meza, tutaiweka kule nyuma."

"Papa, uliahidi!"

"Ungetengeneza vibaya ningekuambia nenda, hasara ya nani? Mikono kama hii niitoe nje?" Na hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa na furaha, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Jumamosi asubuhi Isidori akapiga. Papa akaiwahi simu. "Megha ana kazi tayari, baba. Bosi wako akitaka kurasa, aje kwetu aagize." Akakata, akaenda kufungua geti huku akiimba.

Nilipanda jikoni nikamwambia mama kila kitu, kwa kwikwi. Mama yangu, Jasvanti, alikuwa anasukuma chapati, wala hakuacha.

"Nilipoletwa nyumba hii kutoka Tanga," akasema, "nilikuwa nimeshapata nafasi ya ualimu. Bibi yako akaniambia, leo utupikie, kesho utakwenda shuleni kwako. Nikapika kwa moyo wangu wote."

Akageuza chapati kwenye chuma.

"Wakaramba vidole."

Na mimi miaka yote hiyo nilidhani mama anapenda kupika.