Mwanamke Aliyeongeza Sauti ya Redio

Shangazi alinitoa kwenye kufua taulo za saluni yake na kunipa kiti cha kusukia kwa sababu ya hadithi zangu, mimi ambaye hata salamu naitoa kwa kunong'ona. Nikishika kichwa cha mteja, maneno yanakuja. Labda ni kwa kuwa uso wake siuoni. Kwenye msuko wa mwisho naikata hadithi, ili arudi kusikia mbele.

Siku hiyo nilikuwa namsuka Mhasibu, mteja wetu wa zamani mwenye ulimi mkali. Hadithi ilikuwa ya mjane aliyepanga chumba chenye mlango wa ndani uliofungwa. Nilikuwa nimefika pale anaposikia kikohozi nyuma ya mlango, na kikohozi ni cha marehemu mumewe.

"Hapohapo," akasema Mhasibu. "Hadithi yako yote nimeshaiandika kwenye simu. Hebu tuiulize akili bandia inaishaje."

Simu ikasoma kwa sauti. Mjane anafungua mlango, anamkuta mumewe yu hai, kumbe alijificha kuwakwepa maadui zake. Wanakumbatiana wakilia.

Mikono yangu ikasimama. Ndivyo nilivyopanga, mpaka na hao maadui.

"Kasuku, mbona kimya? Imekukamata?" akauliza Mhasibu, kwa jina walilonibandika kwa ajili ya hadithi zangu.

Wateja wengine wakacheka. Shangazi hakucheka, aliendelea kukunja taulo.

"Kama simu inaweza, mwanangu, tutaiweka hapo mezani isimulie. Wewe utarudi kwenye beseni."

Alisema kwa upole, na Shangazi akiwa mpole ujue ameshaamua.

"Haiishi hivyo," nikasema.

"Enhe, inaishaje?" akauliza Mhasibu.

Sikujua. Jasho lilinitoka viganjani, nywele zikawa zinateleza. Kila njia niliyoifikiria ilinukia simu: anapiga kelele, anaita majirani, anazimia. Nikagawa fungu jingine kwa kitana. Pale juu ya sikio nywele za Mhasibu zilikuwa zimekatika, kama zilizovutwa kwa nguvu, sehemu ambayo kila mara huniomba niifunike na hasemi imekuwaje.

"Mjane akasikia kikohozi," nikasema polepole. "Akainuka. Akaenda kwenye redio, akaongeza sauti."

Hakuna aliyecheka.

"Kwa nini?" akauliza mwanamke wa kiti cha pili. "Si mumewe?"

"Sijui."

"Husimulii jambo usilolijua, wewe."

"Sijui bado," nikasema. "Akaongeza sauti, akaendelea kumenya viazi."

Nilisubiri Mhasibu aguse simu. Ilikuwa mapajani mwake, kioo bado kinawaka. Shingo yake ilikuwa imekakamaa chini ya vidole vyangu.

"Alikuwa na sababu," akasema kwa sauti ndogo. "Endelea."

Kioo kikazima chenyewe. Shangazi akalibeba beseni la taulo, akafika nalo kwenye mlango wa nyuma, akasimama palepale akiwa amelishika. Wote walikuwa wananingoja, na mimi sikuwa na hata sentensi moja mbele yangu.

"Kikohozi kikarudi," nikasema.