Vitabu Vilivyobaki Mezani

Mimi sina subira, na sijawahi kumdanganya mtu kwamba ninayo. Wateja wangu wanajua: ukija kudai gauni kabla sijashika mkasi, utaondoka na maneno badala ya nguo. Kwa hiyo nilipoikuta ile karatasi kwenye mlango wa maktaba ya mtaani kwetu, mara ya kwanza niliisoma kwa macho, mara ya pili kwa mdomo, na mara ya tatu hata watu wa ng'ambo ya barabara waligeuka kunitazama.

"Kutokana na kupunguzwa kwa bajeti ya serikali, maktaba hii itafungwa mwisho wa mwezi kwa kukosa watumiaji."

Kukosa watumiaji! Nikasukuma mlango. Ndani hapakuwa na kiti kitupu hata cha dawa. Wanafunzi wamebanana mezani, mzee mmoja anafuata mistari ya gazeti kwa kidole, mama mmoja amekaa sakafuni na kitabu cha ufugaji wa kuku huku mwanawe amelala mgongoni. Na kule dirishani alikuwepo mdogo wangu, ameinamia kitabu cha biolojia, midomo inamchezacheza. Hata hakujua kama nimeingia.

Huyo ndiye aliyenifanya nitetemeke. Mdogo wangu aliacha shule mama yetu alipougua. Alimuuguza mpaka tukamzika, na alipoinua kichwa wenzake walishamaliza, wengine wana kazi, wengine wana watoto. Akakaa, akanyamaza, halafu siku moja akaniambia, "Dada, nimejiandikisha mtihani." Hana shule wala mwalimu, anajisomea mwenyewe. Akifaulu anataka uuguzi. Mtihani wenyewe ni mwezi unaofuata. Na nyumbani kwetu ni chumba kimoja: cherehani yangu inanguruma tangu asubuhi, wanangu wawili wanagombania kila kitu mpaka kivuli, na jirani ana redio ambayo nadhani hajui inazimwaje. Wakifunga maktaba, huyu binti atasomea wapi? Mvunguni mwa kitanda?

Usiniambie aazime vitabu aende navyo. Kuazima kunataka barua ya mwajiri na mdhamini mwenye nyumba yake. Sasa nani mtaani kwetu ana hivyo vyote viwili? Ndiyo maana tunasomea mle mle.

Mkutubi wetu tunamwita Bi Kimya. Mwanamke mwembamba, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, sauti yake haijawahi kupita mnong'ono. Lakini mwogope. Sheria yake ni moja: ukitoa kitabu rafuni, ukimaliza kirudishe pale pale ulipokitoa, kabla hujanyanyua mguu kuondoka. Kuna fundi mwashi alijisahau akaacha kitabu mezani. Bi Kimya alimfuata mpaka kituo cha basi, akamrudisha kama mbuzi aliyekata kamba. Sote tumefundwa naye. Hata wanangu, ambao mimi nimeshindwa kuwafundisha kukunja shuka, pale wanarudisha vitabu.

"Bi Kimya, umeiona karatasi ya mlangoni?"

"Nimeibandika mwenyewe," akanong'ona. "Niliamriwa." Macho yake yalikuwa mekundu, akajifanya anafuta miwani.

"Basi kesho tunakwenda kwa waliokuamuru."

Kesho yake nikafunika cherehani, mteja wa sare nikamwambia asubiri au aende akashonewe kwingine, tukaenda watatu: mimi, mdogo wangu, na Bi Kimya na viatu vyake vya kutokea vinavyombana. Ofisini tulipokewa na afisa wa takwimu. Mgala muue na haki yake mpe: alituamkia vizuri, akatupa viti, akatugeuzia kompyuta yake tuone.

"Dada zangu, mimi sina ugomvi na maktaba," alisema. "Lakini hebu tazameni matumizi ya vitabu kwa siku. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Hapa kimoja. Sifuri tena. Wenzenu wa maktaba nyingine wana mamia."

"Nani kakupa huo uongo?"

"Mkutubi mwenyewe. Kila jioni anatuletea idadi ya vitabu vilivyobaki mezani. Kitabu kilichobaki mezani ndicho kilichosomwa. Tunapima hivyo kila mahali."

Nikageuka kumtazama Bi Kimya. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Vilivyobaki mezani," alirudia polepole. "Kumbe mlikuwa mnahesabu wasomaji?"

"Ulidhani tunahesabu nini, mama?"

"Mimi nilidhani mnahesabu uchafu." Akashika ukingo wa meza. "Nilidhani mnataka kujua maktaba ipi haina nidhamu. Nilikuwa nikituma sifuri kwa fahari, mwanangu. Siku ile ya kimoja nilikosa hata hamu ya kula."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Kicheko kilinitoka chenyewe, halafu nikakikatiza, maana hakuna mwingine aliyekuwa anacheka. Kwa hiyo miaka yote hiyo, kila msomaji aliyekuwa na adabu ya kurudisha kitabu alikuwa anajifuta mwenyewe! Lau tungekuwa wachafu, wa kutupatupa vitabu ovyo kama maganda ya ndizi, leo tungesifiwa kwa kupenda kusoma.

"Haya, umeelewa sasa," nikamwambia yule afisa. "Futa."

"Siwezi, dada. Ripoti imeshapanda juu."

"Ilipanda kwa miguu ipi? Basi ishuke kwa miguu hiyo hiyo!"

Akakuna kichwa. Akasema Alhamisi baraza linakaa kupokea maoni ya wananchi, twende tukaseme huko. Nadhani alituonea huruma, lakini huruma yake ilikuwa ya mtu anayekushikia mwavuli mvua ikiwa imeshakatika.

Tulipofika kona ya kwetu Bi Kimya akasimama. "Nimeiua kwa mkono wangu," alisema.

"Hukuiua, Bi," mdogo wangu akamjibu, akamshika mkono. "Hukuambiwa."

Mimi nilikuwa nachemka. Asiyekuwepo na lake halipo, wanasema. Lakini sisi tulikuwepo, jamani! Tulikuwepo kila siku ya Mungu, tumebanana mle ndani. Ila hakuna aliyekuja kutazama hata mara moja. Kuja tu, kufungua mlango, kutia kichwa ndani. Hilo nalo lilihitaji bajeti?

Alhamisi tukaenda. Nilikuwa nimepita mlango kwa mlango, kwa hiyo tulijaa: wanafunzi, yule mzee wa gazeti, mama wa kuku na mwanawe, hata fundi mwashi na saruji yake kwenye kucha. Ukumbi wa baraza ni mzuri, sitasema uongo. Viti vya ngozi, kiyoyozi mpaka meno yanagongana, chupa ya maji mbele ya kila mheshimiwa. Viti vya wananchi havikututosha, wengine wakaegemea ukuta.

Nilipopewa nafasi nikasema yote. Nikaeleza habari ya rafu, habari ya sifuri, habari ya mdogo wangu na mtihani wake. Nikauliza huu ukumbi wao, unaokaa mtupu mwezi mzima ukisubiri kikao kimoja, mbona haujafungwa kwa kukosa watumiaji. Nyuma yangu watu wakapiga makofi.

Mwenyekiti wa baraza ni mtu mnene mwenye sauti laini. Akatabasamu. "Asante, mama. Tumepokea hisia zako."

Hisia! Mimi nimepeleka hoja, yeye kapokea hisia.

"Nataka mjue," akaendelea, "mimi si adui wa vitabu. Maktaba ile ile ndiyo iliyonifikisha hapa. Nimesomea pale sekondari yangu yote, na mkutubi yule pale ni shahidi. Lakini serikali imekata fungu, na takwimu hazina undugu."

Bi Kimya akasimama. Alianza kusema kwa ule mnong'ono wake, na ukumbi mzima ukalazimika kutulia ili umsikie.

"Mheshimiwa, ulipokuwa ukimaliza kusoma, kitabu ulikuwa unakiweka wapi?"

Mwenyekiti akacheka. "Rafuni, mama! Nani angethubutu? Ungenivuta sikio mpaka nyumbani!" Waheshimiwa wenzake wakacheka pia.

"Hata siku moja hukukiacha mezani?"

"Hata siku moja, naapa."

"Basi hukuwahi kuja," alisema Bi Kimya. "Kwa takwimu ulizoshika, mwanangu, wewe hukukanyaga pale. Hukufungua kitabu hata kimoja. Umeapa mwenyewe."

Kicheko kikakatika. Nilimwona Mwenyekiti akitazama zile karatasi mbele yake, uso umemlegea, na kwa muda kidogo nikamwona kijana aliyekuwa. Nikasema moyoni, leo kimeeleweka. Kisha mheshimiwa wa pembeni yake akakohoa, na yeye akajikusanya, uso ukafunga kama duka linaloona mvua.

"Tunashukuru kwa mchango," alisema. "Kwa bahati mbaya, bajeti imeshapitishwa ngazi ya juu. Kazi yetu sisi ni kutekeleza. Sasa tupige kura. Wanaoafiki maktaba ifungwe..."

"Ebo!" nikapayuka. "Mmetuitia nini, basi? Kuja kuwatazama mkinywa maji?"

Mlinzi akanisogelea. Na wakati kila mtu ananitazama mimi, mdogo wangu akainuka. Mjue kwamba huyu ni mtu ambaye nyumbani ukimuuliza chumvi iko wapi anakuonyesha kwa kidevu. Akabeba mkoba wake, akapita katikati ya ukumbi, akaenda mpaka meza kuu. Mwenyekiti akasimama kumzuia.

"Binti, rudi nyuma ukae."

"Nitakaa, Mheshimiwa," akasema. Sauti ilimtetemeka lakini haikukatika. "Mtihani wangu ni mwezi ujao. Wewe ulipata pa kusomea. Mimi nikasomee wapi? Nionyeshe tu kiti, nitakwenda."

Mwenyekiti akageuka kutafuta kiti. Akatazama ukumbini, kushoto na kulia, na sisi sote tukatazama pamoja naye. Kila kiti kilikuwa na mtu. Waliosimama ukutani walikuwa bado wamesimama. Kiti pekee kilichokuwa wazi ni kile alichoinukia yeye.

Mdogo wangu akakiona. Akazunguka meza, akakaa. Akaisogeza chupa ya maji pembeni, akatoa kitabu chake cha mazoezi, akaanza kusoma. Na alikuwa anasoma kweli, hakuwa anaigiza. Namjua, midomo ilikuwa inamchezacheza. Mlinzi akafika, akamtazama Mwenyekiti, akangoja amri. Amri haikuja. Mheshimiwa alikuwa amesimama kando ya meza yake mwenyewe, karatasi amezikumbatia kifuani, hajui ageukie wapi.

Machozi yalinitoka, na msidhani yalikuwa ya furaha. Yalikuwa ya hasira. Kwa nini mtoto wa mama yangu alazimike kukalia kiti cha mkubwa ili apate pa kusomea biolojia?

"Binti," Mwenyekiti alisema mwishowe, kwa sauti ya chini kabisa, "tafadhali, naomba kiti changu."

"Na mimi naomba changu," mdogo wangu akajibu bila kuinua kichwa, akafunua ukurasa uliofuata.