Siku Niliyoitwa Mlevi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni kufundisha, nilikuwa na kazi moja ambayo sikumwambia mtu: kumvua baba viatu. Alilala navyo kama alivyoingia. Nilifungua kamba polepole, nikamfunika miguu, nikaweka chai na muhogo karibu na kitanda, nikaondoka. Ndivyo tulivyoishi tangu mama alipochoka akarudi kwao Mpale na wadogo zangu.

Jumamosi moja niliingia nikakuta kitanda kitupu. Baba alikuwa uani, ameoga, amevaa kanzu ya Idi, mikono ameibana kwapani ili isitetemeke.

"Yule mama wa maziwa alisema ni wapi?" akauliza.

Yule mama ni Namelok, Mmasai aliyepitisha maziwa katika kijiji chetu cha ujamaa huko Handeni. Ndiye aliyenieleza kwamba mumewe, Koisaba, ameacha pombe, na kila Jumamosi huenda Korogwe, mtaa wa Manundu, kukaa na wenzake walioacha. Mungu amlipe mema. Nilipomwambia baba habari hizo, aligeukia ukutani, nikadhani hakusikia.

"Manundu, baba. Kwa Bibi Mashavu."

"Twende basi, kabla moyo haujageuka."

Tabibu wa zahanati alikuwa amekwisha kumwambia kwamba ini lake halitastahimili mwaka mwingine wa pombe ya boha na gongo. Na mimi nilijua kwamba akirudi njiani leo, hatajaribu tena. Baba ni mtu wa haya, na mimi nimeirithi kwake.

Tuliposhuka kwenye basi, haya hiyo ilituzungusha Manundu nzima. Kila nilipotaka kuuliza njia, nilijikuta nauliza bei ya nyanya. Mwishowe nikamkaribia mzee mmoja muuza mkaa.

"Shikamoo, babu. Nyumbani kwa Bibi Mashavu ni wapi?"

"Marahaba." Akaitazama kanzu ya baba. "Mmechelewa. Siku hizi hapiki tena. Mkitaka pombe, nendeni kilabuni."

Nilitaka kumwambia kwamba ndiyo sababu tunamtafuta, lakini nikarudia tu kuuliza nyumba. Alituonyesha hata hivyo, nyumba ya tatu yenye ua wa matete.

Nilichungulia mlangoni. Watu walikuwa wamekaa duara kwenye vigoda. Katikati palikuwa na chungu, na kata moja ilizunguka mkono kwa mkono. Mmoja alikunywa, akampa jirani yake, sawasawa na siku ya kiwili kwetu, majirani wanapomaliza kumlimia mtu shamba lake wakapewa pombe yao. Nikamshika baba mkono wa kanzu.

"Turudi, baba. Tumepotea."

Hakusogea. Aliinua pua.

"Hiyo ni togwa," akasema. "Haijachachuka."

Bibi kizee aliyekuwa karibu na chungu akacheka. "Pua hiyo ni ya mwenyeji. Karibuni. Hawa wamezoea kata, nikaona nisiwanyang'anye. Nimewanyang'anya chachu tu."

Huyo ndiye Bibi Mashavu. Tulipewa vigoda. Utaratibu ulikuwa mwepesi: kata ikikufikia, unakunywa, unasema lako, unampa mwenzako. Koisaba, aliyekaa na fimbo yake magotini, alisema, "Wiki hii sijanywa. Hata ng'ombe wameniona." Watu wakacheka, naye akacheka. Eliasi, mkata mkonge mwenye makovu mikononi, alisema kwamba juzi alifika hadi mlango wa kilabu, akakumbuka duara hili, akageuka akaenda kumsumbua Koisaba mpaka jioni.

"Alimaliza maziwa yote," Koisaba akasema.

Kata ikamfikia baba. Togwa ilimwagikia kanzu.

"Mimi," akasema, "mimi nimemsindikiza tu huyu binti yangu. Ni mwalimu."

Akanipa kata bila kunywa.

Wote wakanigeukia. Kisha Eliasi akainama kuelekea kwangu, kwa upole mwingi.

"Karibu, dada. Usione haya. Pombe haiulizi cheti."

"Pole, mwanangu," Bibi Mashavu akasema. "Mdogo hivi. Ulianzia chuoni?"

Uso uliniwaka. Neno moja tu lingetosha kunitoa pale. Lakini neno hilo lingemvua baba nguo mbele ya wageni, na nilikwisha kuona macho yake yakitafuta mlango. Nikainamisha kichwa. Nikanywa togwa, nikabaki nimeshika kata.

"Anafundisha watoto, maskini," mama mmoja akanong'ona.

"Mzee, umefanya vizuri," Eliasi akamwambia baba. "Mzazi mwingine angemficha ndani. Wewe umemtoa hadharani. Una moyo."

Baba akakohoa. Akaangalia chini, akaangalia chungu. Hakuna aliyemhimiza, na kwa ukimya ule nitawashukuru maisha yangu yote. Walimngoja kama watu wasio na kazi nyingine duniani.

"Na usimpige," Eliasi akaongeza. "Mlevi hapigwi akapona."

"Basi, ndugu yangu," baba akasema. "Basi."

Alinyoosha mikono yote miwili akaichukua kata kutoka kwangu. Mikono ilitetemeka, naye hakuificha tena.

"Mwacheni mwanangu. Huyu hajaionja pombe tangu azaliwe. Mlevi ni mimi. Naitwa Mdoe. Pombe imenishinda, na sitaki kufa." Akanigeukia. "Asante kwa kunileta, mama."