Vifuniko vya Shangazi Delphie

Mia nne na kumi na mbili. Tangu asubuhi namba ile ilikuwa imeganda pale pale kwenye kompyuta, na mimi naibonyeza kila baada ya dakika mbili kama mtu anayekuna upele. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tano, mwaka 2004, saa saba mchana. Saa kumi na moja jioni promosheni ilikuwa inafungwa, na kazi yangu nayo.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Unanunua soda ya Gilly, unafungua, unatazama ndani ya kifuniko. Katika kila chupa tatu, moja ina namba ya siri imepigwa chapa humo ndani. Unaiandika kwenye duka la muziki la mtandaoni, unachagua wimbo mmoja, unaupakua, basi, ni wako bure. Kampuni kubwa za soda mijini zilikuwa na michezo ya namna hiyo, na mimi Rhonda Slone, msimamizi wa matangazo wa kiwanda kidogo cha soda huku milimani Kentucky, nikasema sisi tuna kasoro gani?

Soda ziliuzwa, hilo sitaki mtu anibishie. Malori yalikuwa yanarudi matupu. Lakini nyimbo hazikuchukuliwa, zaidi ya hizo mia nne na kumi na mbili. Bwana Bascom, mwenye kiwanda, alikuwa amemleta mshauri kutoka Louisville, bwana mmoja anaitwa Prentiss Goodloe, anayevaa viatu vya kamba vinavyong'aa hata siku ya tope. Siku ya kwanza tu, Goodloe alicheka mbele ya watu wote mezani.

"Rhonda, hao watu wako wa mabondeni watakunywa soda, halafu vifuniko watawatupia kuku."

Damu ikanichemka. Nikasema, "Watu wangu hawatupi kitu, bwana. Zisipopakuliwa nyimbo elfu mbili, mimi mwenyewe nitafungasha vitu vyangu na kuondoka."

Bwana Bascom akasema, "Nimesikia." Na akaandika. Mdomo wangu huo! Mume wangu Denver aliumia mgongo mgodini miaka sita iliyopita, na nyumba nzima inanitegemea mimi. Mtu mwenye akili timamu angesema "tutaona" akanyamaza.

Saa saba na nusu nikashindwa kukaa. Nikampigia Imogene wa maktaba, ambako ndiko kuna mtandao wenye kasi pekee katika kaunti yetu, nikamwomba aniwekee kompyuta zote tano. Hesabu yangu ilikuwa hii: vifuniko vipo majumbani. Watu hawana kompyuta, na wenye nazo wanatumia simu ya waya, wimbo mmoja unakula nusu saa na mtu akipiga simu unakatika. Basi nitavikusanya mwenyewe, niwaandikie mwenyewe, kila mtu kwa jina lake. Nikachukua gunia, nikaingia garini.

Nyumba ya kwanza, hakuna kifuniko. Ya pili, hakuna. Ya tatu mwenye nyumba alinitazama kama nimemwuliza habari za marehemu, akasema, "Vyetu tulishavipeleka," akaniambia anawahi nguo kwenye kamba. Vimepelekwa wapi? Mlango umeshafungwa. Nikabaki pale barazani na gunia langu tupu, na hata mbwa wao akanigeuzia mgongo.

Nikaenda dukani kwa Burl Honeycutt, pale njia panda. Burl anauza kila kitu, kuanzia misumari hadi soseji za kopo, na Gilly ndiyo inayotoka kuliko zote.

"Burl, niambie ukweli. Watu walikuwa wanashinda au hawashindi?"

"Wanashinda! Tena walishagundua ukiilaza chupa ubavu ukachungulia kwa chini, unaona maandishi kabla hujalipa. Kuna mabibi hapa walikuwa wanalaza chupa zangu kreti nzima. Nikawaambia, jamani, soda haichumbiwi."

"Sasa vifuniko viko wapi?"

Burl akaacha kufuta kaunta. Akanitazama juu mpaka chini.

"Hujui?"

"Ningejua ningekuuliza?"

"Viko kwa shangazi yako."

"Shangazi yupi?"

"Rhonda, una mashangazi wangapi waliobaki? Delphie! Kaunti nzima inampelekea Delphie vifuniko tangu mwezi wa tatu." Kisha akasema polepole, "Nilidhani wewe ndiye uliyeanzisha."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Shangazi Delphie Combs ni dada wa baba yangu. Mumewe, Mjomba Orbin, alifariki mwezi wa pili kwa ugonjwa wa mapafu, ule wa vumbi la makaa ya mawe. Kanisani kwetu hakuna kinanda wala gitaa. Mtu mmoja anatoa mstari, wote wanaufuata, na kwa miaka arobaini mtu huyo alikuwa Orbin. Alikuwa anaimba akikata kuni, anaimba akinyoa ndevu. Sasa huku kwetu, kitu cha bure kikigawiwa, hakikai kwa aliyekipata. Jibini ya serikali, blanketi za kanisa, nyama ya kulungu, chochote, kinasogezwa mpaka kwa mwenye msiba wa karibuni. Ndivyo tulivyo. Mtu ameshinda wimbo, hana kompyuta, anafikiri kidogo, anasema, mpelekeeni Delphie, nyumba yake imekuwa kimya. Ningekuwa na akili ningelijua hilo kabla ya kompyuta yoyote.

Nikapanda bonde la Turkeyfoot kwa kasi ambayo Denver angenitukana. Saa tisa kasoro. Kutoka kwa Shangazi hadi maktaba ni dakika arobaini. Nikipata watu watano wa kuandika namba, kompyuta tano zipo. Inawezekana, nikawa najiambia. Inawezekana kabisa!

Nilimkuta barazani akivunja maharage mabichi, bakuli liko mapajani. Amekonda. Aliponiona alijaribu kusimama, bakuli likamzuia.

"Ee, jamani! Rhonda wangu! Kaa, kaa. Umekula? Kuna mkate wa mahindi, bado una moto."

"Nimeshiba, Shangazi. Nina haraka. Nasikia watu wamekuletea vifuniko vya soda."

Uso wake ukang'aa. "Wee! Njoo uone."

Akanipeleka chumba cha nyuma, kile cha kuwekea chupa za vyakula vya kuhifadhi, maharage na nyanya na jamu ya matunda ya porini. Na pale chini, karibu na ukuta, kulikuwa na madebe ya mafuta ya nguruwe, yale makubwa, sita. Nikafunua la kwanza. Vifuniko vyekundu vya Gilly, vimejaa mpaka juu. La pili, vimejaa. Nikapiga magoti pale sakafuni nikaingiza mikono yote miwili. Nilicheka, nakwambia. Vilikuwa vingi kupita elfu mbili, tena sana! Nikamwona Goodloe na viatu vyake. Nikaona meza yangu, kalenda yangu, kikombe changu cha kahawa, vyote vinabaki mahali pake.

Nikageuza kifuniko kimoja nisome namba.

Ndani kulikuwa kweupe.

Nikageuza kingine. Kweupe. Nikachota kiganja kizima, nikavimwaga sakafuni, nikavigeuza kimoja kimoja. Visafi, vinang'aa, havina herufi wala namba.

"Shangazi. Maandishi yako wapi?"

"Maandishi gani?"

"Ya ndani! Yalikuwa na namba ndani!"

"Ah, ule wino? Ulitoka wenyewe nilipovichemsha."

"Ulipovi... nini?"

"Nilipovichemsha, mwanangu." Alisema kama mtu anayemweleza mgeni mlango uko wapi. "Kifuniko kinatoka mdomoni kwa mtu, kinakaa mfukoni na tumbaku, nikiingize ndani kwangu hivi hivi? Nimechemsha vifuniko vya chupa zangu za jamu miaka hamsini. Maji ya moto na magadi, unasugua kwa brashi, unaanika juani."

Sitajitetea. Nilimfokea. Nilimfokea mwanamke wa miaka sabini na minne, mjane wa miezi mitatu, ndani ya nyumba yake. Nilisema, "Umeniharibia! Unajua umefanya nini? Umenifukuzisha kazi kwa magadi!" Nikasema kwamba kila kifuniko kilikuwa wimbo, kwamba zilikuwa nyimbo zaidi ya elfu mbili na yeye amezifuta zote kwa brashi. Sauti yangu ilitikisa chupa rafuni.

Hakukasirika. Alingoja nimalize, kama unavyongoja mvua ya mawe.

"Lakini nyimbo nimezisikia," akasema.

"Umezisikia wapi? Huna hata kompyuta!"

"Barazani. Mtu akija na kifuniko ananiambia, Delphie, nimekuletea wimbo. Mimi namwuliza, wimbo gani? Anautaja. Namwambia, basi niimbie. Sasa angefanyaje? Anaimba." Akacheka kidogo, akajifuta mikono kwenye aproni. "Burl Honeycutt ameniimbia mara tisa, na sauti yake ni ya fahali aliyenasa kwenye waya. Vijana wa shule walikuja na nyimbo zao zile za kusema haraka haraka, sikuambulia neno, lakini walirukaruka mpaka ubao wa baraza ukakatika. Kuna siku walikuja kumi na wanne. Nilipika sufuria tatu za maharage. Wengine hawakuwa na kifuniko kilichoshinda, wakaja nacho hivyo hivyo, eti sitajua tofauti."

Nilikuwa bado nimepiga magoti na vifuniko vimenizunguka. Hasira ilikuwa inanitoka na sikutaka initoke, maana nilijua nini kiko nyuma yake.

"Kila gari likipanda bondeni," akasema, "nilikuwa nasema, huyo ni Rhonda. Ni soda ya kiwanda chao, na yeye ni damu yangu, lazima atakuja. Leo umekuja." Akanitazama mikono, halafu akaliona gunia. "Umeniletea wimbo gani?"

Aibu iliyonipata siku ile sijaipata tena. Kutoka kwetu hadi kwake ni dakika ishirini na tano. Tangu mazishi sikuwa nimekanyaga pale, eti nina kazi nyingi, ninaandaa promosheni ya kuwaletea watu nyimbo.

"Sikuleta, Shangazi," nikasema. "Nilikuja kuchukua."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi chukua. Havina shida, ni visafi."

Nikatazama saa ya mkononi. Saa kumi kasorobo. Bado ningeweza kurudi ofisini, nikammwagia Bwana Bascom madebe yale mezani, nikasema, ona, hawakutupa! Na Goodloe angegeuza kimoja, angekiinua kwenye mwanga. Nilishamsikia akicheka kabla hajacheka.

Simu za mkononi hazishiki kule bondeni. Nikaomba simu ya ukutani, pale jikoni, nikampigia Bwana Bascom.

"Mia nne na kumi na mbili," nikamwambia. "Haitaongezeka."

"Pole, Rhonda. Kwa hiyo imeshindwa."

"Kwa hesabu yenu imeshindwa."

Nyuma yake nikamsikia Goodloe akiuliza kitu. Bwana Bascom akakohoa. "Prentiss anauliza kama walivitupa kweli."

"Mwambie hawakutupa hata kimoja. Mwambie hata vilivyoshindwa hawakutupa."

"Sasa walivifanyia nini?"

Nikatazama nje ya mlango wa jikoni. Nikajaribu kutafuta maneno ambayo yangeingia kwenye ripoti, sikuyapata. "Hilo halina safu kwenye karatasi yako, Bwana Bascom."

Akasema Jumatatu nije nichukue vitu vyangu, tena alisema kwa upole, ambao ni mbaya zaidi. Nikaitundika simu. Nilifikiri nitalia, nikakuta kichwa changu tayari kinahesabu kodi ya nyumba na dawa za Denver. Miguu haikutaka kutulia. Nilizunguka meza ya Shangazi mara mbili, nikagusa kiti, nikaliweka sawa taulo la vyombo lililokuwa sawa tangu awali.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, bakuli la maharage limebanwa ubavuni. Alikuwa amesikia.

"Wamekufukuza?"

"Nilijifukuza mwenyewe tangu mwezi wa tatu."

"Na hiyo ya vifuniko," akauliza, "ndiyo imekwisha?"

"Inaisha leo. Saa kumi na moja."

"Soda za kesho hazitakuwa na nyimbo?"

"Hapana. Zitakuwa soda tu."

Akaliweka bakuli mezani taratibu. Akavuta kiti, hakukaa, akakishika tu mgongo. Aligeuka akatazama kule barazani, kwenye ule ubao uliokatika, na kwenye viti alivyoviazima kanisani ambavyo hakuna aliyekuwa amekuja kuvidai.

"Kwa hiyo watu hawatakuja tena," akasema.

Katika mahangaiko yangu yote ya siku ile, jambo hilo halikuwa limenipitia akilini hata mara moja. Nilikuwa nimefikiria kazi yangu, mdomo wangu, viatu vya Goodloe. Kumbe kuna mtu mwingine alikuwa anafukuzwa saa kumi na moja ile ile.

"Mimi nitakuja, Shangazi," nikasema haraka. "Kila wiki. Sasa hivi nina nafasi, si unaona? Nitakuja."

Hakusema kwa ubaya. Alisema tu, kama anayenikumbusha nimesahau koti.

"Ulisema hivyo hivyo makaburini, mwanangu."

Nikavua viatu, nikajaza birika maji ya kahawa, nikavuta kiti karibu naye, na maharage yaliyobaki tukayavunja pamoja.