Vigae vya Miaka Mia Nne

Kaka yangu ana vyeti kumi na saba. Najua idadi kwa sababu ni mimi niliyegongomea misumari ya kuvitundika, yeye akiwa amesimama nyuma yangu na kuninyooshea kidole kwamba kile cha uongozi kipande juu kidogo. Hakuna hata kimoja kilichomchukua zaidi ya wiki tatu. Ana cha kupiga picha, ana cha kuzungumza mbele ya watu, na anacho kile anachokipenda kuliko vyote, chenye muhuri mwekundu, cha Utambuzi wa Vitu vya Kale. Siku kumi na moja, chakula cha mchana kikiwemo.

Kazi yake ni kufundisha historia chuoni. Historia anaijua, sitamnyima haki yake. Anaijua kama mtu anavyoijua njia ya kwenda kazini: ile ile kila siku, na usimuulize habari za vichochoro. Wanafunzi wake walizidi kupungua, mpaka mkuu wa chuo akasema idara ikishindwa kujaza darasa moja ataifunga. Hapo ndipo kaka alipozuka na mpango alioupa jina la Historia kwa Mikono. Mwanafunzi angesoma historia yake kama kawaida, achague na sanaa moja anayoipenda, kisha afanye kozi fupi ya wiki sita ya sanaa hiyo ili aone watu wa zamani waliishi vipi. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Ulikuwa wangu. Nilimweleza nyumbani kwa mama, naye akala hadi akamaliza sahani bila kunitazama. Wiki mbili baadaye nikausoma kwenye tangazo la chuo, chini ya sahihi yake.

Mimi ni mfinyanzi. Nilipewa banda nyuma ya chuo, lenye meza mbili ndefu, pipa la maji na magurudumu manne ya kufinyangia, moja bovu. Kaka alikuja siku ya kufungua, akasimama mlangoni kwa sababu ya viatu vyake, akawaambia wanafunzi kwamba wanagusa nyakati zilizopita, akaenda zake. Hakurudi tena. Kila mwisho wa kozi alituma mtu achukue orodha ya waliohitimu ili atie sahihi.

Darasa la kwanza lilikuwa na watu kumi na wawili. Wengi walikuja kwa ajili ya cheti, na hilo lilionekana kwenye vyungu vyao. Mmoja tu ndiye aliyenifanya nipende kuamka asubuhi: mkunga wa hospitali, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, aliyeanza kusoma historia uzeeni kwa sababu, aliniambia, alikuwa amepokea watoto maelfu bila kujua anawaingiza kwenye dunia ya namna gani. Vyungu vyake vilipinda. Lakini hakuchoka. Alivipamba shingoni kwa kubonyeza kifuniko cha plastiki cha sindano, kilichoacha alama kama kiua kidogo chenye mistari minane.

Tuliiga maumbo ya zamani kutoka vitabuni na kuvichoma vyungu shimoni kwa kuni na nyasi, bila tanuri, vikatoka vyeusi huku na vyekundu kule. Vingi vilipasuka. Vilivyopasuka tulivitupa kwenye shimo nyuma ya banda, na shimo lilipojaa tukalifukia. Baada ya miaka miwili banda lilihamishiwa ng'ambo ya barabara, maana chuo kilitaka kujenga maktaba mahali pale.

Mafundi walipochimba msingi walikutana na vigae. Msimamizi wao, mtu mwenye adabu zake, alisimamisha kazi na kwenda kuuliza ofisini. Ofisini wakamwita kaka. Alifika na kofia pana na brashi mpya ya kupakia rangi, akapiga magoti mahali palipotandikwa gunia, na kabla ya saa sita mchana alikuwa ameshatangaza kwamba pale palikuwa na makazi ya watu miaka mia nne iliyopita. Shimo letu la nyuma ya banda hakuwahi kuliona, na hakumuuliza mtu yeyote pale pamewahi kuwa na nini. Ujenzi wa maktaba ukasimamishwa.

Mama ndiye aliyenipigia simu, sauti imemjaa fahari. Alipotaja kwamba ni nyuma ya chuo, nikaenda kwa kaka siku ile ile. Nikamkuta ameshapanga vigae mezani juu ya kitambaa cheupe. Nikamwambia taratibu kwamba lile lilikuwa shimo langu la taka. Hakupepesa macho.

"Mdogo wangu," aliniambia, "wewe unajua kutengeneza vyungu. Kuvijua vyungu ni jambo lingine."

Nikamuaga. Ningeweza kumwandikia mkuu wa chuo jioni ile, na mambo yangekwisha kimya kimya. Sikuandika. Kwa miaka mingi nilikuwa nimenyamaza kwa ajili ya mama, nikimwacha kaka awe msomi wa familia na mimi niwe yule anayechezea matope. Safari hii nilinyamaza kwa ajili yangu mwenyewe. Nilitaka kuona atafika wapi. Nilichofanya ni kumpigia mkunga na kumwomba asikose kuja kwenye ufunguzi.

Kabati la kioo liliwekwa ukumbini, mkabala na mlango mkubwa. Ndani yake kulikuwa na vigae arobaini na chungu kimoja kilichounganishwa kwa gundi, na kibao kilichoandikwa Makazi ya Kale. Kaka alihutubia kwa dakika arobaini. Alitueleza watu wale walikula nini, waliogopa nini, na jinsi wanawake wao walivyopamba vyungu kwa viua vya mistari minane ili kuomba uzazi. Mkuu wa chuo aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Mwalimu mmoja wa hesabu alikuwa akiandika. Mimi nilisimama karibu na nguzo nikiangalia watu wazima, wenye shahada zao, wakivishwa kilemba cha ukoka na kukiinamishia vichwa ili kikae vizuri.

Mkunga aliingia akiwa bado na viatu vyeupe vya kazini. Aliomba njia kwa upole mpaka akafika kwenye kioo, akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Hiki changu," akasema.

Kaka akatabasamu, tabasamu la kile cheti cha kuzungumza mbele ya watu. "Umesema kweli, mama. Ni chako, ni chetu sote. Umeona mikono ya bibi zako ndani ya mikono yako."

Watu wakapiga makofi. Mkunga akangoja makofi yaishe. Kisha akafungua mkoba, akatoa kifuniko kimoja cha sindano, na kumwomba mkuu wa chuo amfungulie kioo. Mkuu alisitasita, lakini watu walikuwa wamesogea, wote wakitaka kuona, akageuza ufunguo. Mkunga akakiweka kifuniko juu ya kiua shingoni mwa chungu. Kikaingia sawasawa. Akakihamishia cha pili. Kikaingia.

"Bibi zangu walizalisha kwa mikono yao mitupu," alisema. "Hawakuwa na sindano za plastiki."

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Halafu yule msimamizi wa mafundi, aliyealikwa kwa heshima ya kuwa mvumbuzi, akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyesimamishiwa kazi mwezi mzima kwa sababu ya takataka. Kaka akasema utafiti zaidi unahitajika. Alilisema neno hilo mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, huku akitazama viatu vyake.

Wiki iliyofuata aliwaeleza walimu wenzake kwamba alikuwa amewatega wanafunzi kuona nani atakuwa makini. Baadhi yao walimwamini, au walijitia kuamini kwa sababu nao walikuwa wamepiga makofi. Mkunga hakubishana na mtu. Aliviomba vigae vile viwe utafiti wake wa mwaka wa mwisho, akawatafuta wenzake wa darasa lile mmoja mmoja, na kati ya vigae arobaini akavipatia thelathini na kimoja wenyewe. Aliandika nani alikifinyanga kipi, kwa nini kilipasuka, na jinsi mtu mmoja mwenye cheo alivyoweza kukizeesha kwa miaka mia nne bila kuuliza swali. Msahihishaji wa kutoka nje alimpa alama za juu kabisa. Kaka alitaka jina lake liandikwe mbele kama msimamizi. Mkunga akamjibu kwa adabu kwamba jina lake lipo tayari, ukurasa wa tisa.

Muhula uliofuata mpango mzima ukakabidhiwa kwangu, kwa barua. Siku chache baadaye kaka alikuja kwenye banda jipya, na safari hii akaingia. Akaniambia anataka kujiandikisha, akauliza kama kwa uzoefu wake wiki sita zingeweza kupunguzwa. Nikamwekea bonge la udongo mezani nikamwambia akande mpaka hewa yote itoke. Alikunja mikono ya shati. Nilisubiri huruma inijie, haikuja. Alikanda siku tatu, akihema, akifuta jasho kwa kiwiko, na chungu chake cha kwanza kikalala ubavu kabla hajakiondolea mkono. Siku ya nne hakutokea. Alituma ujumbe kuuliza kama ninatoa vyeti vya mahudhurio. Nikamjibu kwamba sitoi.

Jumapili tunakula kwa mama, kama zamani. Kaka hagusi tena habari za vyungu. Sasa anazungumzia udongo. Ananieleza mbele ya mama kwamba ninaotumia una mchanga mwingi, ndiyo maana vyungu vya wanafunzi wangu vinapasuka, na mama anamtazama kana kwamba ameugundua udongo wenyewe. Nami naendelea kula. Nilikwenda kuupima Jumatatu moja, nikiwa peke yangu bandani. Kweli una mchanga mwingi. Nimebadilisha mahali pa kuuchimba, na sijamwambia.