Gauni la Kukamia

Kwa miaka tisa Lavonne Stegall hakulala hata usiku mmoja nje ya shamba lake huko vilimani Missouri, Marekani, na sababu ilikuwa na pembe mbili. Mbuzi wake, Dolores, hakukubali kukamwa na mtu mwingine. Basi binti yake Tess alipojifungua kule mjini Tulsa, Lavonne alizikunja nguo za mtoto alizofuma, akazikunjua, akazikunja tena. Mumewe Orrin alimwona, na ikamuuma.

"Nenda, mama. Kaa wiki nzima," akamwambia. "Mbuzi nitamkama mimi."

"Wewe?"

"Kwani kukama kunasomewa chuo kikuu?"

Orrin, ni vizuri mjue mapema, alikuwa mtu wa miradi. Banda la kuku alilijenga akasahau mlango, na mpaka leo mkewe huokota mayai kwa kupenyeza kichwa dirishani. Mfereji aliouchimba wa kumwagilia bustani humwagilia barabara. Lakini moyo anao, hilo hata mimi nisiyempenda sana nalikubali.

Lavonne akaenda, ila kwa sharti. "Asipokamwa kiwele kitavimba, ataugua. Akikugomea mpaka kesho, nipigie simu, narudi. Usinifiche."

Jioni ile Orrin akampandisha Dolores kwenye jukwaa la kukamia, akamwekea nafaka, akakaa. Dolores akala nafaka yote kwa utulivu mkubwa, kisha akatumbukiza mguu kwenye ndoo. Orrin akaosha ndoo. Mara ya pili ndoo ikaruka ikamtua gotini. Mara ya tatu mbuzi akaamua kukaa kitako. Mbuzi aliyekaa hakamiki, na Orrin alijifunza hilo akiwa chini yake.

Kulipokucha kiwele kilikuwa kimekaza. Orrin akaingia jikoni, akashika simu. Akamfikiria Lavonne amempakata mjukuu, na saa nne za njia ambazo angelazimika kurudi, akairudisha simu mahali pake. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, lilining'inia gauni la maua la mkewe, lile la kukamia, linanuka nyasi kavu na sabuni yake. Orrin akachungulia nje kwanza, kushoto na kulia.

Gauni lilipasuka makwapani kwa sauti. Akafunga kitambaa kichwani, ndevu akazichomeka ndani ya kola, akaenda zizini akiimba puani wimbo wa kanisani kwa sauti nyembamba. Dolores akanusa mkono wa gauni. Akanusa tena. Akapanda jukwaani mwenyewe, na maziwa yakaanza kupiga ndoo chwi, chwi, chwi. Orrin nusura alie kwa furaha.

"Lavonne! Umerudi lini?"

Alikuwa Harlan, jirani yao, amesimama langoni kwa nyuma, amekuja kuazima ngazi. Orrin akaganda. Akitoa sauti yake mwenyewe, mbuzi ataruka na ndoo.

"Jana usiku," akajibu kwa sauti nyembamba, bila kugeuka.

"Na Orrin yuko wapi?"

"Amelala."

"Mvivu yule! Sijui unamvumiliaje, dada. Banda la kuku halina mlango!"

Orrin akazidi kukama. "Ni mume mzuri, lakini."

"Mzuri wapi? Mfereji wake umegeuza barabara yangu bwawa. Bata wameanza kuhamia!"

"Chukua ngazi uende zako, Harlan!" ikatoka sauti nyembamba, yenye hasira nene.

Harlan akachukua ngazi akaenda zake, na kwa kuwa mdomo wake hauna breki, ilipofika saa sita simu ya jikoni ikalia.

"Orrin," alisema Lavonne, polepole mno. "Mke wa Harlan amenipigia simu ya mkononi kuniuliza mbona nimerudi haraka hivi. Mimi niko Tulsa. Mjukuu ananitapikia begani hapa. Sasa niambie, mwanamke gani yuko zizini kwangu amevaa gauni langu?"

Orrin akatafuta uongo, akaukosa.

"Ni mimi."

"Nani?"

"Mimi, Lavonne. Huyo mwanamke ni mimi."

Hapo Lavonne akacheka mpaka mtoto akalia, na Tess akasikika akiuliza kuna nini, na kicheko kikaanza upya. Kilipokwisha, sauti ikashuka.

"Amekubali?"

"Nusu galoni. Kiwele kimelainika kabisa."

"Miaka tisa," akasema. "Miaka tisa najinyima safari, kumbe anachopenda ni gauni!"

Orrin akasikia kwamba hapo Lavonne hacheki tena. Akatafuta la kusema, na kwa mara moja maishani akakamilisha kitu alichokianza.

"Alikuwa anakunusa wewe, mama. Mimi nimeazima tu. Kaa huko ubebe mtoto."

Lavonne akavuta pumzi ndefu.

"Basi nitarudi mwisho wa mwezi."

"Mwezi huu?"

"Ujao. Na Orrin..."

"Naam, mke wangu?"

"Hilo likichanika lote, tia viraka. Gauni langu la Jumapili usiliguse."